Mche wa Ulaya

Msonyo wa kwanza aliutoa muuza kahawa, na haukuwa wa kahawa. Guta lilikuwa linapita mbele ya kijiwe chetu hapa Mikumi, njia panda ya kwenda Kidatu, limebeba vyungu sita vya plastiki, na nyuma yake amekaa mstaafu wetu wa reli, amekumbatia mwaridi kama mtu anayemtoa mtoto hospitali.

"Amenunua tena," akasema muuza kahawa. Akasonya mara ya pili, ule msonyo mrefu wenye mkia.

Hiyo "tena" ina historia. Mzee amemaliza nyumba, ameipaka rangi ya maziwa, na Desemba anapokea wakwe. Binti anaolewa na kijana wa Tanga. Mzee ameapa kwamba wakwe wakishuka kwenye gari, kabla hawajakaribishwa, wapokelewe na harufu ya maua. Nia njema, nani ampinge? Lakini mwezi wa sita rafiki yake dereva wa lori alimshushia miwaridi mitano kutoka Njombe. Njombe, ndugu zangu! Kule watu wanalala na mablanketi mawili. Ile miti imeteremka Kitonga huku ikishangaa, ikafika Mikumi ikakuta jua linachoma bati. Mpaka Nanenane ilikuwa imebaki vijiti vyenye miiba.

"Hii ya sasa ni mbegu nyingine," dereva wa bodaboda akaitetea. "Nimemsikia muuzaji mwenyewe. Elfu ishirini na tano mche mmoja. Wa Ulaya."

"Ulaya ipi?"

Kijiwe kizima kikacheka, maana huku kwetu swali hilo lina majibu mawili. Kwa msiojua: ukitoka Mikumi kwenda Kilosa unapita Ulaya. Ipo, ina watu, ina mashamba, na ile reli ya tawi iliyotoka Kilosa hadi Kidatu inapita huko. Mstaafu wetu alifanya kazi kwenye reli hiyo hiyo. Ulaya yetu anaijua kuliko anavyoijua sebule yake. Sasa leo pesa ya kiinua mgongo ameipeleka Ulaya nyingine.

Niseme langu kabla kahawa haijapoa. Mimi siyapingi maua. Nimekulia Kilosa enzi ambazo upepo ukigeuka kutoka upande wa mashamba ya mkonge, Kimamba na Rudewa, harufu ya makapi yaliyotoka korona, mashine ya kusindika mkonge, ilikuwa inaingia ndani bila hodi. Aliyewahi kulala na harufu ya makapi ya mkonge hawezi kumcheka mtu anayetafuta asumini. Na Mikumi hii tuliyopo, vuta pumzi uone: breki za malori zilizoungua, mshikaki, dizeli, na kuanzia mwezi wa saba moshi wa nyasi zinazochomwa. Mtu akitaka uani kwake panukie, ana haki.

Ninachosonya mimi ni namna tunavyochagua. Tunachagua kwa macho. Unafika kitaluni saa nne asubuhi, mche uko chini ya neti nyeusi, kijana anaumwagilia mara mbili kwa siku, udongo umejaa samadi, na ua limefunguka kama bibi harusi. Unalipa. Huulizi limefunguliwa na nini. Huulizi nyumbani kwako neti iko wapi na huyo kijana wa kumwagilia ni nani. Na kubwa kuliko yote, ua la kunukia unalinunua bila kuuliza linanukia saa ngapi.

"Ua nalo lina saa?" bodaboda akauliza.

Hapo akaingilia mama wa vitumbua, ambaye ni mtu wa Bagamoyo, kaletwa huku na ndoa. Kwa kawaida mambo ya kijiweni hayaingilii, anasema sisi tuna midomo kuliko kazi. Leo akaacha mwiko kwenye karai.

"Baba, asumini mchana imefumba. Unaichuma jioni jua likiinama, ingali tumba. Unaitunga. Ikifika usiku inakufungukia mwenyewe kifuani. Ukisubiri ifunguke mtini ndipo uchume, umechelewa, utavaa majani." Akaanza kutuhesabia kikuba cha kwao: asumini, mrehani, waridi, kilua kikipatikana, na mkadi ukikatwa vipande. Akavitaja kama mtu anayetaja ndugu zake waliobaki Pwani. "Kwetu hatukuweka maua yatazamwe na wapita njia. Yalikuwa ya kuvaa, ya kitandani, ya nguo sandukuni."

Mimi nilikaa na maneno hayo. Maua mengi yenye harufu kali ni meupe, na mengi hufungua harufu usiku, kwa sababu wateja wao ni nondo, na nondo gizani anafuata weupe na harufu. Hayana haja ya rangi. Yale yenye rangi za kupiga kelele yanamwita nyuki na ndege mchana, na mara nyingi hayanukii kabisa. Bogenvilia ndiyo mfano: inavutia kuliko mti wowote barabarani, ukiinusa ni kama kunusa karatasi. Hata ile rangi si ya ua, ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo cha katikati. Na waridi la siku hizi, lile la dukani lenye shina refu, limezalishwa kwa miaka mingi ili lisafiri na likae siku nyingi ndani ya chombo, na katika kulikuza hivyo mengi yamepoteza harufu. Mzee amelipa 25,000 kwa ua lililosoma kila kitu isipokuwa kunukia.

Kwa hiyo kabla ya kununua, jiulize uko nyumbani saa ngapi. Mtu anayeondoka alfajiri na kurudi magharibi hana faida na ua la saa sita. Apande asumini karibu na baraza anapokaa jioni, upande upepo unakotokea, si nyuma ya choo ambako harufu itakwenda kwa jirani. Na asiipande mbele ya dirisha la chumba cha kulala akiwa na mtu mwenye pumu. Kuna kile kichaka kinachotoa maua membamba ya kijanikibichi, kikifika saa mbili usiku kinanukia mtaa mzima. Nimeona mtu Kilosa amekikata kwa panga saa tano za usiku akiwa na kanga tu, kichwa kinamgonga. Harufu nayo ina kipimo, kama chumvi.

Tukarudi kwenye maji, maana Mikumi maneno yote hurudi kwenye maji. Mvua zetu zinaanza Novemba hivi, zinapumzika kidogo katikati, zinaisha Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni wewe na dumu lako. Sasa mtu anapanda ukoka nyumba nzima, ule wa kulazwa kama zulia, kwa sababu ameuona hotelini. Hoteli ina pampu. Wewe una ndoo. Mwezi wa tisa ukoka unageuka rangi ya mkeka na bado unadai. Bogenvilia niliyoisema vibaya hapo juu niitendee haki: ukishaizoesha ikashika mizizi, ukiinyima maji ndiyo inatoa maua zaidi; ukiipenda sana na ndoo inakupa majani matupu. Mchaichai nao haudai mengi: umwagie maji ya kuoshea mboga, utakunukia kila nguo ya mtu ikiugusa, na asubuhi unakwenda kwenye chai. Sijui kwa nini watu wanaona haya kuupanda mbele ya nyumba. Eti ni wa jikoni.

Kilosa wenzetu wana shida ya upande wa pili. Kule bondeni Mkondoa unakuletea rutuba na unyevu, mwasumini unapanda mpaka juu ya paa, na mtu akitaka kujaribu mlangilangi, ajaribu kule, huku kwetu vumbi litaunyonga. Lakini mto huo huo unaweza kuja kuchukua ulichopanda. Nani amesahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 kuingia 2010? Reli ilikatika, watu wakakaa kwenye mahema. Kuna mama ninayemfahamu, bustani yake yote iliondoka usiku mmoja, akakuta asubuhi ameachiwa tope na mche mmoja wa jirani asiyemjua. Ndiyo maana ukienda kununua miche pembezoni mwa mto, uangalie pia muuzaji amekaa wapi. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingoni, na vitalu vingi, tuseme ukweli, vimekaa palepale maji yanapochoteka kwa mkono.

"Mbu nao?" Mangi wa dukani akauliza. Alikuwa kimya, kumbe anawaza biashara. "Si kuna ule mche wa kufukuza mbu? Nimeambiwa niuweke dukani, unakwenda haraka."

Msonyo wa tatu. Huu ulikuwa wangu.

Ule mche wenye majani ya mikunjo, unaonukia kama limau, unauzwa kwa maelezo kwamba ukiuweka dirishani mbu hawaingii. Aa wapi! Mafuta yanayowaudhi mbu yamefungiwa ndani ya jani. Mche ukikaa kimya chunguni, mbu anaweza kutua juu yake akapumzika. Lazima jani lisagwe, lisuguliwe au lifukizwe. Na kama ni jani la kufukiza, kwa nini ununue la mjini wakati kivumbasi kimejaa pembeni ya njia kutoka hapa mpaka Ulaya? Bibi zetu walikining'iniza ndani, wakakifukiza jioni, wakachanganya majani yake na maharage ghalani ili wadudu wasiyatoboe. Kinanukia ukikigusa tu kwa ncha ya kanga. Kinaota kwa mbegu, kikizeeka unakata, kinachipua. Bei yake ni kuinama.

Mangi akaguna. Kitu ambacho bei yake ni kuinama hakina faida dukani.

Sasa nifike kwenye hiyo Ulaya, maana ndiyo iliyonikalisha kijiweni mpaka kahawa ya tatu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mkuu wa wilaya kule Usambara, Walter von Saint Paul, aliokota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalokaa kwenye mawe ya msituni yenye kivuli. Akalipeleka kwao kwa baba yake. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya vizee wa Ulaya na Marekani, limekuzwa kwa kila rangi, na ndugu zake wa porini wamebaki kwenye milima yetu, Usambara, na hapa jirani Uluguru pia. Lingine ni lile la kivulini lenye shina la maji na maua bapa mekundu: mbegu zake zilitumwa Uingereza kutoka Zanzibar na balozi John Kirk, na mwaka 1882 likaitwa kwa heshima ya Sultani. Nalo ni la huku huku. Likishapita huko, linarudi kwetu kwenye chungu cha plastiki, na muuzaji anakuambia nini? La Ulaya!

Ya kwetu yakienda yanakuwa ya kwao. Ya kwao yakija, mengine yanachukua nchi. Mkonge ulitua mwaka 1893 ukiletwa na Dakta Richard Hindorf; miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na humo ndimo yalimotoka mashamba yaliyonilaza na harufu utotoni. Gugumaji la Ziwa Victoria lilizungushwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Na lantana, yule mwenye maua ya rangi mbili mbili anayeuzwa kama pambo la uzio, asili yake Amerika: ndege wanakula matunda, wanakwenda kunya mbegu malishoni, ng'ombe akila majani anaugua ini. Katika wilaya ambayo mkulima na mfugaji tayari wana yao ya kutosha, unapanda kitu cha kuwaongezea?

Tusizungumze sumu kama mambo ya vitabuni. Oleanda, ile yenye maua ya waridi na majani marefu kama ya mwembe mwembamba, ina sumu ya moyo kuanzia jani hadi ua, na nimeiona uani kwenye shule ya watoto wadogo. Mnyaa ni uzio mzuri, hauliwi, haudai maji, lakini utomvu wake ukiingia machoni utamtafuta daktari usiku. Kama una watoto wanaojipikia mchezo wa chungu na majani, basi majani ya uani yawe ya kupikika.

Halafu kuna wageni wengine. Barabara yetu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na tembo hana habari na mpaka uliochorwa. Usiku wanaingia mjini wakitafuta maembe na ndizi. Jirani alipanda migomba ya pambo, ile ya majani mekundu, kandokando ya geti. Tembo hakujua kwamba ni ya pambo. Alikula pambo, akaegemea geti, akaondoka. Tangu hapo yule jirani anapanda pilipili, na ukimtazama vizuri mpilipili wenye matunda mekundu ni pambo kamili, mchaguzi ndiye aliyekuwa hana macho.

Ninyi mnajua kwamba mji huu wenyewe umepewa jina la mmea? Mikumi ni ile mivumo mirefu yenye tumbo katikati ya shina. Nimezunguka mitaa yote, hakuna niliyemwona ameupanda uani. Najua sababu: unakua taratibu mno, utakaoupanda leo atakaa kivulini mjukuu. Tunapanda ashoki, mrefu kama mlingoti, usio na kivuli, kwa sababu ndio uliosimama kwenye nyumba za wenye pesa.

Na ndiyo kwanza Septemba. Tokeni nje ya mji mwangalie mulimuli. Majani hana, mvua hana, vumbi limemfika shingoni, na amejaa maua ya njano yanayonukia mpaka nyuki wanagombana. Hakuna aliyemmwagilia. Mbegu zake zimo kwenye lile ganda jeusi refu kama fimbo ya mwalimu. Mvua za kwanza zikigusa udongo litatokea lile ua jekundu la duara, kama mpira wa nyuzi, limechomoka ardhini kabla ya majani yake. Halinukii, na kitunguu chake kina sumu, lakini liweke chini ya mwembe uone. Lichimbwe shambani kwako au kwa rafiki, si hifadhini. Ndani ya hifadhi hata jani ni la serikali, na askari wake hawana utani.

Jioni mstaafu akaja kijiweni mwenyewe. Nadhani maneno yalishamfikia. Kijiwe kina miguu. Akaagiza kahawa, akakaa, akamgeukia mama wa vitumbua.

"Mama, wakwe zangu ni watu wa Tanga. Kwako wewe, mtu wa Tanga akisikia harufu gani atasema amefika kwa watu?"

Mama hakufikiri. "Asumini na mrehani. Tawi la asumini ninalo nyumbani nyuma. Tulilaze chini, tulifukie katikati, tuliwekee jiwe, likitoa mizizi unakata. Mpaka Desemba halitakupa maua, nisikudanganye. Lakini mrehani utakuwa umefika magotini, na tumba za asumini nitakuchumia zangu. Utazitunga, utaziweka kwenye sinia mlangoni."

"Na uani pabaki patupu?"

"Patupu wapi," nikasema mimi. "Kivumbasi. Mchaichai. Na ganda la mulimuli kwa ajili ya wajukuu."

Mzee akawaza sana. Mwisho akamwita bodaboda pembeni, kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia.

"Kesho asubuhi nipeleke Ulaya. Kuna kituo pale nilikaa miaka minne, nyuma yake kivumbasi kilikuwa msitu."

"Ulaya?" bodaboda akapaza sauti. "Mzee, pasipoti unayo?"

Tulicheka mpaka mama akaungua kidole. Mzee naye alicheka, akalipa kahawa ya wote, akaondoka ameridhika.

Dakika kumi baadaye alirudi mbio, kandambili mkononi. Geti alikuwa ameliacha wazi. Kati ya miche sita, mbuzi alikuwa amemaliza minne, na miiba yake, na alikuwa ameanza wa tano kwa utulivu wa mteja aliyelipa. Mbuzi mweupe, sikio moja limekatwa ncha.

Kijiwe kikanyamaza. Sote tunamjua mbuzi yule, na sote tukamtazama muuza kahawa, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kupuliza mkaa.

Msonyo wa nne aliutoa mstaafu. Ulikuwa mrefu kuliko yote ya siku hiyo, na muuza kahawa alimmiminia kikombe kingine bila kutaja bei.